Majina ya Kikosi cha Baba

Jumanne jioni, Septemba 1954

Jina langu bado hajalisema. Lakini leo Baba ametaja watu kumi na mmoja!

Tangu apooze upande wa kuume, wiki ya sita sasa, kinywani mwake hutoka "aa" tu. Jirani yetu, Mama Kapinga, hurudia: "Akili imeisha, munamusumbua bule." Inaniuma.

Jana shuleni Frère, mtawa wetu wa sayansi, alitufundisha kwamba mahali pa maneno katika ubongo pakiumia, yale yaliyorudiwa kila siku, kama sala, huweza kupita njia nyingine. Nikakumbuka kwamba Baba ni kapita, msimamizi wa kikosi. Kila asubuhi, kwa miaka mingi, aliita watu wake kwa mpangilio uleule kabla ya kuingia kazini kwenye tanuru za shaba.

Basi leo nikasimama mbele yake. Mama Kapinga alikuwa mlangoni, nikaona haya sana. Nikaita jina la kwanza la kikosi, "Kabwe!" na mwenyewe nikaitika kama watu wake, "Iko!"

Baba akainua kichwa. "Mutombo."

"Iko!"

"Ilunga." Akaendelea hivyo bila kukwama hadi wa mwisho: "Kalala."

"Iko!" akapiga kelele Mama Kapinga. "Ile ni bwana yangu! Amemuita bwana yangu!" Mama yangu, aliyeketi kando ya Baba, akacheka hadi akalia.

Nikajigusa kifua ili aniite na mimi. Baba akanitazama: "Aa…"

Si kitu. Kila asubuhi tutaita kikosi chote, watu kumi na wawili, na baada ya Kalala nitaongeza jina langu, Danieli, mpaka kinywa chake kizoee kwamba tuko kumi na watatu.