Nguo ya Mwalimu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Msalimie Baba, mwambie kikohozi hakiponi kwa kukikaripia. Mimi ni mzima, nakula na kulala. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitakosa la kusema, maana chumbani kwangu kuna kitanda, jiko na mimi, na katika sisi watatu hakuna msemaji.

Umeniuliza tena kwa nini picha ninazokutumia zinaishia shingoni. Nitakujibu, lakini niache kwanza nizunguke kidogo. Unaijua kawaida yangu.

Kule kwa fundi cherehani bado napiga pasi chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Kazi hiyo niliichagua mwenyewe. Mbele wanakaa wasichana wembamba kama sindano, wanapokea wateja, na mimi nakaa na mvuke wangu. Mteja anaweza kunisikia nikikohoa, lakini kuniona hanioni.

Basi akaja mama mmoja kumwagizia nguo dada yake, mwalimu anayestaafu. Wanafunzi wake wa zamani wamemwandalia sherehe, naye amevunjika mguu, hawezi kuja kujaribishwa. Alituletea vipimo tu. Fundi aliifunga matambara ile sanamu yetu ya kuvalishia nguo ili inenepe, ikawa kama godoro lililokazwa kamba. Akafungua pazia, akanitazama juu hadi chini, akaona vipimo vile ni vyangu, akasema Mungu si Athumani. Wasichana wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Nikapanda juu ya kigoda, fundi akanizungushia kitambaa na kubana pini. Nikafanya kile ninachofanya kila ninapotazamwa: nikavuta tumbo ndani, nikabana pumzi, nikakaa hivyo hadi akamaliza. Nguo ilitoka nzuri ajabu. Ilipofika kwa mwalimu ikagoma kufunga kiunoni. Mdogo wake aliirudisha amenyong'onyea. Alisema dada yake amelia sana, anaamini kulala kitandani kumemharibu mwili, na sherehe haendi tena.

Kuuonea mwili wangu nilishazoea, Mama, lakini sikujua kwamba aibu yangu inaweza kumharibia mtu mwingine siku yake. Nikamfuata fundi, nikamweleza nilivyofanya, nikasubiri kufukuzwa. Akaweka mkasi chini.

“Simama ulivyo, mwanangu,” akasema. “Ukivuta tumbo, namshonea mtu ambaye hayupo.”

Nikapanda tena kigodani. Nikaachia pumzi. Tumbo likashuka mahali pake, nyonga zikatulia, mikono ikaning'inia na unene wake wote. Fundi akanizungushia mikono kiunoni, taratibu, akinipima kwa viganja kabla ya kuchukua futi. Hapo machozi yakanitoka. Akauliza kama pini imenichoma, nikasema ndiyo. Haikunichoma, Mama. Nilikuwa nimegundua tu kwamba sikumbuki mara ya mwisho mtu kunigusa. Mwili huu nimeuficha, nimeusimanga, nimeunyima hata kioo, na bado kila asubuhi unanibeba kunipeleka kazini. Niliuonea huruma. Baadaye, kigoda kilipokwisha kurudishwa pembeni, niligundua ninaupenda kidogo.

Mwalimu alivaa. Mdogo wake alikuja kutuambia kwamba nguo imemkaa kama aliyeshonewa akiwa amesimama palepale, na kwamba mwalimu alikwenda sherehe na magongo yake akakataa kukaa pembeni. Wasichana wa mbele walifurahi pamoja, wakaagiza chai. Mimi nilirudi kwenye pasi yangu, ila pazia nililiacha wazi.

Sasa jibu la swali lako. Picha zinaishia shingoni kwa sababu nimenenepa, Mama, kuliko unavyodhani, na likizo ninazokuambia nimenyimwa sikuwahi kuziomba. Niliogopa kwamba nikiingia mlangoni mtaniangalia kabla ya kunisalimia. Nimekaa peke yangu hadi sauti yangu mwenyewe inanishtua. Sitaki kukudanganya kwamba yamekwisha. Kioo nimenunua, lakini kuna siku nakigeuzia ukutani.

Ila safari hii likizo nimeomba, na nimepewa. Nakuja mwezi ujao. Nina ombi moja tu. Nikifika, usinitazame kwanza. Nikumbatie. Na mikono yako isipokutana mgongoni mwangu, usijali, shikilia hapohapo ilipofikia.

Kalamu naiweka hapa. Nisalimie kaka zangu, shangazi, na yeyote anayeniulizia bado.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.