Nyasi ya Mpakani, Kianjai

Jumatatu, 12 Mei

Sauti ya mizizi ikikatika. Kama kitambaa kizito kinachopasuliwa taratibu. Iko masikioni tangu Jumamosi, nilipong'oa fungu zima la nyasi shambani kwa Mama Kinya, Kianjai. Alinipa ruhusa. Alidhani nataka majani tu.

Leo, chumbani Majengo, nimekagua tena. Nywele nyeupe pale jani linapokutana na shina. Mbegu zenye mkia uliopinda. Ikiwa ndiyo ile nyasi adimu ninayoidhania, sijaona popote palipoandikwa kwamba inaota huku Tigania.

Maua nimeyakausha kati ya magazeti. Mizizi iko kwenye beseni la udongo.

Jumatano, 14 Mei

Mama Kinya amepiga simu akilia. Fungu lile lilikuwa alama ya mpaka. Wazee walichagua mafungu matatu kwa sababu hayafi kiangazi wala hayatambai. Yamebaki mawili. Mutuma, ndugu wa marehemu mumewe, amefukia shimo na kulima hatua tatu ndani ya shamba la mjane. Anadai mjane ndiye aliyenilipa ning'oe. Mutuma akamnyang'anya simu: "Wewe daktari wa nyasi! Kesho uje ung'oe na nyumba!"

Nimezaliwa kijijini, Manyatta. Kwetu pia mpaka ni mmea, na mtoto hufundishwa asiuguse. Nilijua. Niliona mbegu tu. Najichukia.

Alhamisi, 15 Mei

Ndiyo yenyewe. Msimamizi wangu wa chuo amethibitisha kwa picha. Anataka mmea hai, Jumatatu, kwa bustani ya chuo. Jina langu litaandikwa. Wazee wanakutana Jumamosi. Kwenye beseni limebaki chipukizi moja la kijani. Haligawanyiki. Sijala.

Ijumaa, 16 Mei

Nimelimwagia maji mara nne. Labda naliozesha.

Jumamosi, 17 Mei

Shambani Kianjai. Wazee wanne, manyunyu. Nilisema niling'oa mwenyewe, hakuna aliyenilipa. Nikasoma vipimo nilivyoandika siku ile, kutoka fungu la pili. Mzee mmoja akapima kwa kamba. Mutuma akachukua jembe, akachimba shimo upya pale kamba ilipoishia.

"Na likifa, daktari?" akaniuliza.

Nikapanda chipukizi, nikashindilia udongo. Mama Kinya alinipa chai. Hakukaa nami.

Nimerudi Majengo. Nimeosha beseni. Kabla ya kuondoka Kianjai nilimwandikia msimamizi: atapata maua makavu na picha. Mmea nimeurudisha shambani.