Bi Fujo Hasemi

4 Juni

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi sijambo, mguu tu unanisumbua, na koo linakwaruza tangu nipasuliwe. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jirani yangu fundi cherehani kaniletea gazeti. Sinema ya nne ya katuni yako ya bata, Bi Fujo, inatoka mwezi huu, baada ya miaka kumi na miwili! Nikatafuta majina ya waliotoa sauti, nikavaa miwani nikatafuta tena. Mimi simo. Yule bata ni nani kama si mimi? Sinema tatu nimejifungia kwenye kabati la nguo, makoti yananikaba, kibanio cha nguo puani, napiga kelele "Toka uwanjani kwangu!" mpaka majirani wakadhani nimevamiwa. Na wewe nje umeshika kinasa sauti, unacheka mpaka unakaa chini.

Leo una ofisi, umemweka nani? Kale kabinti kanakoimba redioni? Huna haya!

Mama yako

11 Juni

Shikamoo Mama,

Pole na mguu. Sisi wazima, mkweo anakusalimu.

Mama, punguza hasira kwanza. Wenye fedha walimtaka kweli yule mwimbaji. Nikawaambia Bi Fujo hana sauti nyingine, tukagombana mpaka mmoja akanirushia kikombe cha chai. Lakini daktari alikukataza kupaza sauti, na kwenye simu nilikusikia ulivyokuwa. Nikaona nisikusumbue. Basi nimeandika kwamba Bi Fujo amepoteza sauti. Sinema nzima hasemi neno, anafungua mdomo tu. Ni kwa heshima yako.

Imeanza kuonyeshwa juzi, na kumbi hazijai. Ikianguka, ofisi nafunga. Nakuwekea tiketi mbili, nenda na fundi.

Mwanao

14 Juni

Wewe mtoto,

Za kwako sitaki kuzijua leo.

Heshima gani hiyo ya kunifanya bubu mbele za watu? Afadhali ungemweka huyo mwimbaji, ningemtukana yeye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hukufundishwa? Tiketi zako nitazichana.

Mama yako

22 Juni

Shikamoo Mama,

U mzima? Simu hupokei. Wiki ijayo wanaitoa kumbini. Nigombeze basi, lakini usininyamazie.

Mwanao

25 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi koo linauma, na safari hii nimejitakia.

Tiketi sikuzichana. Jana tulikwenda. Picha nzuri, sikatai, lakini sinema imepooza, watoto wakawa wanarukaruka kwenye viti. Ikafika pale mbweha anaingia uwanjani kuiba yai. Bi Fujo akafungua mdomo. Kimya. Katoto mbele yetu kakapiga kelele, "Bi Fujo, sema!"

Damu ikanichemka. Nikasimama, fundi ananivuta gauni, nikatoa kilichobaki: "Toka uwanjani kwangu!" Ilitoka imekwaruza kama bawaba isiyo na mafuta. Nikajua watanicheka. Loo! Ukumbi mzima ukageuka, halafu wakaitikia, wakubwa kwa wadogo, "Toka uwanjani kwangu!" Mbweha alipokimbia walishangilia kama wao ndio waliomfukuza. Mlinzi akanitoa nje, na sijali.

Kwa hiyo sinema yako imeanguka, nakwambia mimi nisiyekuonea haya. Bi Fujo kazeeka, koo limeharibika, hasira ziko palepale. Nani alikwambia bata mzee hana la kusema? Ungeniuliza! Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hukuniuliza.

Daktari nimemuuliza mwenyewe. Kasema niseme kidogo kidogo, nikipumzika.

Waambie wenye fedha waiondoe hiyo kumbini, tuitie sauti. Kabati nimeshaliacha tupu, kibanio ninacho. Njoo na kinasa sauti, na ufanye upesi. Makoti yote yako kitandani, sina pa kulala.

Mama yako