Maji ya Lori Yanakokwenda

Ikolo, Kyela
9 Novemba 1993

Kwa mwanangu mpendwa Ambwene,

Ugonile, mwanangu. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Mbeya, na ile baridi isiwe imekurudia kifuani. Sisi huku hatujambo. Baba yako hajambo, ila goti linamtabiria mvua ambayo haiji. Bibi yako hajambo, anakula vizuri na kugomba vizuri. Mdogo wako Veronika hajambo, amerefuka hata kunipita. Mkeo Hosiana hajambo, anakusalimu sana. Wali wake baba yako anausifu kwangu ili nimfikishie, si unajua mtu na baba mkwe wake kwetu hawasemeshani. Hezroni dereva wetu naye hajambo wa mwili, lakini moyo wake sijui, na habari ya leo ni yake.

Usishangae mwandiko. Siku zote Veronika ndiye huniandikia, ila hii nimeihangaikia mwenyewe siku tatu, kwa kuwa ina mambo ya wakubwa.

Barua yako ya kutaka Hezroni aachishwe ilifika. Baba yako aliisoma mara mbili, akamwita, akamwambia afanye kazi mpaka Ijumaa, kwamba Jumamosi unaleta dereva wako kutoka huko. Hezroni aliitikia ndiyo mzee. Sasa anasema atavuka mpaka kwenda Karonga kwa mjomba wake. Mwanangu, kabla hujamleta mtu huyo, nisikilize.

Ulielezwa kwamba lori linapoteza maji, lakini hukuelezwa tulivyoyatafuta. Lilianza mwezi wa tisa. Asubuhi rejeta imejaa, likienda Kyela na mpunga na kurudi, dumu zima limekwisha. Hatukushangaa sana mwanzoni, maana unalijua lori lenyewe, tangu ushirika ulipotuuzia saa ya maili ilikuwa imeshakufa kwa uchovu. Hezroni alikaza mipira yote ya maji, akabadilisha mmoja. Maji yakaendelea kwenda. Baba yako akaanza kusema huyu hajazi, anadanganya. Akawa anajaza mwenyewe, kisha anafunga kifuniko kwa kamba ya katani na fundo lake mwenyewe, lile la kufungia ng'ombe. Jioni fundo lipo vile vile, maji hayapo. Majirani wakasema tuna mgeni anayekunywa asiyeonekana, na bibi yako akataka mchungaji aje aombee injini.

Ndipo baba yako akamleta fundi Tuntufye kutoka Kyela mjini. Huyo kijana ana maneno, lakini kazi anaijua. Alimwaga pumba za mpunga chini ya lori lote, akasema lilale hapo. Asubuhi akazishika kwa mkono, kavu kabisa. Akamwambia baba yako, mzee, hili halivuji, hili linakunywa. Akachungulia oili, akasema haijawa rangi ya chai ya maziwa, maji hayajaingia humo, tushukuru. Kisha akajaza rejeta hadi mdomoni, akaliwasha bila kufunga kifuniko, nasi sote tukaona mapovu yanatoka mle kama uji unaochemka, na injini bado ya baridi. Mwisho akaenda nyuma, akaweka kiganja penye bomba la moshi. Kikarudi kimelowa. Akamwonyesha baba yako, akasema, maji yako haya hapa mzee, unayatafuta chini nawe unayavuta puani.

Akatueleza kwamba gasketi iliyo kati ya injini na kifuniko chake imeungua, maji yanaingia kwenye moto na kutoka na moshi. Akauliza, lori hili lilipata kuchemka sana likaendeshwa bila maji? Kwa kuwa gasketi haiungui bure.

Mwanangu, hapo Hezroni alinitazama mara moja tu. Kisha akatazama chini, akasema, labda, fundi. Baba yako akawaka, akasema umeniulia lori kwa uzembe. Nami nilikuwa napepeta mchele, nikaendelea kupepeta mchele ambao haukuwa tena na pumba hata moja. Siku ile ile ndipo baba yako alipokuandikia.

Sasa nakwambia. Aliyeliua ni mimi.

Ilikuwa siku tuliyobeba matofali ya kanisa, kabla maji hayajaanza kupotea. Lori lilizidiwa, njia ile mchanga wake mzito, Hezroni alikuwa ameshamimina maji yote ya akiba njiani. Baba yako alisinzia dirishani, mimi nipo katikati. Tulipokaribia kijito cha mwisho mshale wa joto ulikuwa umeshafika kwenye wekundu, na Hezroni akapunguza mwendo asimame achote maji. Nikatazama mbele, nikamwona mkeo anaoga pale pale penye maji. Baba yako angefumbua macho angemwona mkwe wake vile. Unajua kwetu ingekuwaje, wazee, ng'ombe wa kutakasa, na maneno yasiyokwisha, na binti ana miezi mitano tu nyumbani kwetu. Nikamfinya Hezroni mkono, nikamwambia pita, usisimame. Akaninong'oneza, Mama, litaungua. Nikamwambia liungue. Akapita. Maili mbili zile injini ililia kama mgonjwa.

Tulipofika nilimsihi asimwambie mtu. Akanijibu, Mama, mimi niliona barabara tu. Neno lake amelishika mpaka kazi imemtoka, na mimi mtu mzima nimekaa kimya nakula wali.

Nataka kumwambia baba yako, lakini ni jina la mkeo, na Hosiana mwenyewe hajui kitu. Siwezi kumwanika nyuma yako. Nipe ruhusa, nami nitalisema kwa namna ya mama. Huyo dereva wako mzuie, na umwandikie Hezroni karatasi yake mwenyewe, ya heshima, ya kumwomba abaki na kazi yake. Nisamehe, mwanangu. Ndaga fijo kwa yote unayotufanyia.

Wote hapa wanakusalimu, na Veronika anaomba picha yako.

Jibu lako mpe kondakta wa basi la Ijumaa, usingoje posta. Nitakuwa nimesimama stendi Kyela tangu asubuhi. Basi likifika bila barua nitarudi nyumbani na kumwambia baba yako hivyo hivyo bila ruhusa yako, kwa sababu Jumamosi Hezroni atakuwa ameshavuka. Fanya haraka, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
Anyes