Mashini ya Wamama na Papa Fondateur

Mupendwa Mama Pétronille, naomba musaada mbio mbio, maana roho inanichoma na Ijumaa haiko mbali. Sisi ni wamama kumi na wanane wa hapa Kalemie, tuliunda ASBL, chama kisichotafuta faida, tukapata mashini ya kusaga mihogo, na pato lake linamulipa mwalimu anayefundisha wamama kusoma, na mimi njo prezida, lakini nakiri kosa langu, Papa Adalbert alipotuandikia statuts, ile sheria ya chama, na kutembeza dosiye kwa mabiro mupaka tukapata karatasi za serikali, mimi mwenyewe nilianza kumwita Papa Fondateur, yaani mwanzilishi, nikamwachia hata kashe, muhuri wa chama, aichunge kwake, basi sasa muji muzima unasema ASBL ya Papa Adalbert, na yeye ameamini! Alituambia ASBL haijui kodi, tusiende biro yoyote, tukakaa kimya miaka mitatu, wiki jana watu wa kodi wakaleta karatasi ya kutudai déclaration, ile fomu ya kutangaza mapato, nikakimbia kwake, akanijibu, "Mama Djamila, tuliza moyo, muniandikie mashini kwa jina langu, kodi itawapita," na Ijumaa anataka saini, wamama wengine wanasema tumupe tu, ni yeye alituzaa. Tufanye nini?

Djamila

Mama Djamila, pole, lakini kwanza nikugombeze. Kashe ya chama kulala kwa nyumba ya muntu? Aka! Nani alikuroga? Anayepika pilau ya harusi haondoki na bibi-arusi.

ASBL haina mwenyewe. Mali ni ya chama, faida haigawanywi, si kwa prezida, si kwa fondateur. Huyo Papa anataka kubeba mashini muchana kweupe, na tena anawadanganya! Musamaha wa kodi ya faida unafuata kazi ya chama, haufuati sura ya muntu. Mashini ikiwa yake, ni biashara yake, na nyinyi mutabaki na kibao cha mulangoni. Huo ni wizi uliovaa koti, na mimi nimekasirika.

Lakini na nyinyi mulikosa. Kusamehewa si kunyamaza. Déclaration inapelekwa hata kama hakuna cha kulipa, na kodi ya mushahara wa mwalimu, ni chama kinaikata na kuipeleka. Kesho asubuhi chukua statuts, karatasi za chama na daftari ya mashini, uende wewe na mwenzako anayeshika pesa za chama, si Adalbert, mueleze pato linaenda wapi. Kama kuna faini ya kuchelewa, muombe kulipa kidogo kidogo. Itauma, lakini mashini itabaki.

Saini, usiweke! Ijumaa ita mukutano mukuu, statuts zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na kashe irudi siku hiyo hiyo. Wale wanaosema aliwazaa, waulize nani kati yao alinyonya kwa Papa Adalbert. Naye akiitaka sana hiyo mashini, apange mustari na beseni yake ya mihogo, alipe kama sisi wote.