Pai ya Matufaha ya Kulungu

Lyle, usicheke. Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, niko juu ya dungu tangu alfajiri, na mitini hakuna tufaha hata moja. Hata moja, ndugu yangu.

Ile miti niliyoibebesha kwa mikono yangu, vikonyo vya matufaha ya kuchelewa kuiva. Miaka saba naiuguza kama mgonjwa, ili matufaha yadondoke Novemba, ya wengine yakiwa yameshaisha, na yule kulungu dume mwenye pembe kubwa aje kuyala kwangu. Wiki nzima sijagusa sabuni asininuse.

Nikampigia mke wangu.

"Mama alipita Ijumaa na ngazi," Darlene ananiambia. "Kasema Wendell mvivu kweli, Novemba hii matunda bado yako mtini."

Mvivu. Mimi.

Nikauliza yako wapi.

"Mume wangu, jana kanisani si ulikula pai ya matufaha vipande vitatu?"

Nilikula, Lyle. Tena nilisimama mbele ya watu nikamshukuru mama mkwe.

Kipande cha nne nilikifunga kiwe chakula changu cha mchana. Nimeshuka sasa hivi, nimekiweka chini ya mti. Nimerudi juu, nasubiri.