Merikani ya Foronya

Salma mjukuu wangu, salamu nyingi kutoka huku mjini kwetu Sib. Sote wazima, ila mimi nna wasiwasi na baridi ya huko Marekani. Soksi unavaa?

Umeniuliza umjibu nini mwenzako wa darasani anayesema wewe huna lako katika historia ya viwanda vya Marekani. Nilipokuwa mdogo Unguja, mwalimu aliuliza Marekani ni nini. Nikasimama mbio: "Kitambaa, mwalimu. Bibi anashonea foronya." Darasa zima likanicheka, nikarudi nyumbani nalia.

Bibi yangu akanambia, "Hukukosea. Nguo yao ya pamba, merikani, tumeivaa kabla hatujaijua nchi yao. Kama si sisi kununua, mashine zao zingemfumia nani?"

Kesho yake niliyasema hayo darasani, kichwa juu. Lakini mimi nilikuwa na Kiswahili tu. Wewe una Kiingereza, mama. Waambie wenyewe.